Karani wa Vanuatu

Phares Amolo hakuwa mtu wa maombi. Tuseme hivyo mapema, kwa sababu watu wa mtaa wake wa Kariobangi South wanamsifu kupita kiasi siku hizi. Kwa miaka arobaini na mmoja ya ndoa yake aliketi benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, koti mapajani, na wimbo wa kufunga ibada ulipoanza yeye alikwisha kufika nje. Shughuli za mbinguni alimwachia mkewe. Elsie ndiye aliyezungumza na Mungu kwa niaba ya nyumba nzima. Phares alishughulika na mabomba, taa na kufuli la lango. Kila mtu na idara yake, na nyumba ilikwenda.

Yeye alikuwa mtu wa reli. Alizaliwa Muthurwa, kwenye nyumba za reli, baba yake akiwa fundi wa karakana, na alipotimiza miaka ishirini na miwili akaandikwa karani katika chumba cha kudhibiti treni. Huko alikaa hadi kustaafu. Kazi ilikuwa kuketi mbele ya simu na kitabu kikubwa cha matukio. Behewa likiacha reli Makindu, mvua ikichukua tuta Kibwezi, ng'ombe wakilala njiani Konza, habari ilimfikia yeye kwanza, naye aliiandika kwa mpangilio usiobadilika: saa, mahali, tukio, hasara, hatua inayoombwa. Kisha alipiga simu makao makuu akaisoma kama ilivyo, bila chumvi. Wenzake walimtania kwamba hata harusi yake aliitangaza hivyo hivyo, naye hakukana.

Sasa, akina mama wa kanisa lao wana desturi. Kila Alhamisi ya kwanza ya Januari kiondo hupitishwa ukumbini, kimejaa karatasi zilizokunjwa, kila moja ina jina la nchi. Utakayoichomoa ndiyo yako mwaka mzima. Utaiombea, utafuatilia habari zake, na Desemba utasimama mbele ya wenzako ueleze yaliyoipata, kisha uiombee kwa sauti. Anayepata Israeli hupigiwa vigelegele. Anayepata Ubelgiji huguna. Mwaka wa 2023 Elsie alichomoa Vanuatu, na ukumbi ukanyamaza, maana hakuna aliyejua kama hiyo ni nchi au ni dawa ya kikohozi.

"Vanuatu iko wapi?" alimuuliza mumewe jioni hiyo, akimenya viazi.

Phares hakuwa mtu wa kukubali kushindwa jiografia ndani ya nyumba yake. "Ni kisiwa," alisema. "Hapo karibu na Mauritius."

Elsie alimwamini, kama alivyomwamini katika mambo yote ya dunia hii. Wiki mbili baadaye presha ilimwangusha jikoni, na hakuinuka tena.

Walimzika nyumbani, Ugunja. Nguo zake wakagawana dada zake. Sufuria kubwa za shughuli zikabaki kijijini, kwa jamaa. Biblia yake akaichukua Jacklyne, binti yao wa pekee, anayeishi Pipeline. Kila kitu kilipotoka Phares aliulizwa kama ni sawa, naye akajibu kwamba ni sawa, kwa sauti ya mtu anayetaka maswali yaishe. Aliporudi Nairobi mwanzoni mwa Februari, nyumba ilikuwa na mwangwi. Mwenyekiti wa akina mama, Wangeci, ambaye mtaa mzima humwita Mama Mbugua, alikuja kumpa pole kwa mara ya tatu. Akanywa chai, akasifu chai, kisha akakohoa kidogo.

"Baba Jackie, kuna ile nchi. Ya marehemu. Haiwezi kukaa mwaka mzima bila mtu. Tumeonelea tumpatie Kate wa kwaya."

Phares aliweka kikombe chini. Alikuwa amesema sawa kwa nguo, sawa kwa sufuria, sawa kwa Biblia.

"Hapana," alisema. "Hiyo kazi Elsie ameianza, na haijaisha. Nitaimaliza mimi."

"Wewe?" Mama Mbugua alimtazama jinsi unavyomtazama fundi wa viatu anayejitolea kukung'oa jino. "Wewe, Baba Jackie, utaomba?"

"Nitajifunza."

"Na Desemba utasimama mbele ya akina mama, uombe kwa sauti?"

"Nitasimama."

Mama Mbugua ni mwanamke mkali, lakini si mwanamke mbaya. Aliitazama ile meza yenye kikombe kimoja, akaona hapa si mahali pa kubishana. Ila alitoa sharti, kwa sababu hawezi kuondoka mahali bila kutoa sharti: kama Desemba hataweza kuomba kwa mdomo wake mwenyewe, itaandikwa kwamba kazi ya Elsie haikukamilika, na nchi hiyo itarudi kiondoni. Phares akakubali. Baada ya mgeni kuondoka alibaki pale mezani akijiuliza ataanzia wapi, maana alikuwa hajawahi kuomba kwa sauti hata juu ya sahani ya ugali.

Kesho yake alitafuta atlasi ya zamani ya Jacklyne. Vanuatu haikuwa karibu na Mauritius. Haikuwa karibu na chochote. Ilikuwa kule Pasifiki, visiwa themanini hivi, upande wa pili wa dunia kabisa, na Phares akaona aibu akiwa peke yake jikoni, kwa kuwa wiki mbili za mwisho za maisha ya mkewe alimwelekeza kwenye bahari isiyo yake. Akapiga hesabu ya saa, jambo alilolijua. Huko walikuwa mbele kwa saa nane. Saa nne asubuhi ya Nairobi ni saa kumi na mbili jioni kwao, watu wanapofunga milango. Akaamua kwamba saa nne asubuhi ndiyo zamu yake.

Siku ya kwanza aliketi, akafumba macho, akangoja maneno. Hayakuja. Akayafumbua, akatazama ukuta, akayafumba tena. Mwishowe akachukua daftari, akachora safu tano, na kalamu ikatembea yenyewe. Saa: nne kamili. Mahali: Vanuatu, visiwa vyote. Tukio: hakuna. Hasara: hakuna. Hatua inayoombwa: iendelee hivyo hivyo. Aliisoma moyoni kama alivyowasomea makao makuu miaka yote, akaweka nukta, akaenda dukani.

Dukani ni kwa Abukar, pale kwenye kona, ambaye redio yake ya habari za dunia haizimwi. Abukar alisikia kisa cha Vanuatu siku hiyo na akakipenda tangu mwanzo. Tangu hapo kila Phares alipokuja kuchukua maziwa, salamu ilikuwa moja.

"Mzee wangu, niaje huko Vanuatu?"

"Wametulia."

"Mashallah. Maziwa ngapi?"

Utulivu huo haukudumu hata mwezi. Tarehe mosi Machi kimbunga kilipiga visiwa vile, kikang'oa mapaa na kuangusha migomba. Phares aliandika ripoti ndefu. Siku mbili baadaye, watu hawajamaliza kuokota mabati yao, kikaja kimbunga cha pili. Na siku hiyo hiyo, kama vile upepo hautoshi, ardhi nayo ikatetemeka. Abukar alimngojea mlangoni akiwa ameinua mikono yote miwili.

"Mzee! Watu wako wamepigwa mara tatu kwa wiki moja! Wewe unawaombea ama unawaombea mabaya?"

Alikuwa anatania, lakini utani ule ulimchoma. Phares alirudi nyumbani bila maziwa. Ikamjia fikra ambayo hangeweza kumwambia mtu: kwamba mikononi mwa Elsie nchi ile ingekaa salama, na kwamba huko juu walikuwa wamegundua ni karani tu anayeshika zamu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, lakini usufi huu ulikuwa umelowa maji. Aliandika hata hivyo. Tukio: vimbunga viwili, tetemeko moja. Hasara: nyumba, umeme, migomba, visima. Hatua inayoombwa: maturubai, maji safi, siku kumi bila upepo.

Jumatatu Mama Mbugua alibisha hodi. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Baba Jackie, si vibaya kukubali. Nchi imekushinda. Mimi nilikuwa na Ufilipino mwaka juzi, najua visiwa ni kitu gani. Visiwa vinataka mtu wa kufunga na kukesha."

"Mama Mbugua," Phares alisema taratibu, "mimi nimeripoti tuta likichukuliwa na maji pale Kibwezi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Hakuna siku walifukuza karani kwa sababu mvua imenyesha."

Mama Mbugua alivuta kiti. Akaomba kuona daftari. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, miwani kwenye ncha ya pua, na alipofika kwenye zile siku kumi bila upepo akaurudia mstari ule kwa kidole. Halafu akasema kwamba kuandika si kuomba, na kwamba Desemba iko pale pale, akaenda zake.

Mwisho wa mwezi huo, wakati Nairobi watu wanakimbizana na polisi na moshi wa machozi kila Jumatatu ya maandamano na Abukar anafunga duka saa nne, habari nzuri ilikuja kutoka upande ule mwingine. Kijinchi kile kilikuwa kimeandika hoja, kikaipeleka Umoja wa Mataifa, kikiomba mahakama ya dunia iulizwe ni wajibu gani mataifa yanao kuhusu hali ya hewa inayoharibika. Na mataifa yote yakaikubali. Phares alifurahi kana kwamba amepandishwa cheo. Hiki ndicho alichokielewa. Watu wamepigwa na vimbunga viwili kwa wiki moja, wameinuka, wamekaa mezani, wameandika barua yenye mpangilio, na makao makuu wamejibu. Siku hiyo alimweleza jambo hilo kila aliyekutana naye, pamoja na mwuza mayai ambaye hakuwa ameuliza.

Mei tetemeko kubwa lilitokea chini ya bahari, tahadhari ya tsunami ikatolewa, watu wakakimbilia vilimani. Wimbi lilipofika, lilikuwa la kimo cha magoti. Phares hakujisifu, lakini aliipigia mstari ripoti ile kwa wino mwekundu, na Alhamisi iliyofuata alitembea hadi ukumbini kuwasomea akina mama. Walipiga makofi. Kate wa kwaya alisema, kwa wivu kidogo, kwamba nchi yake yeye ni Uswisi na haijawahi kufanya lolote.

Tarehe thelathini Julai ni sikukuu yao ya uhuru. Phares alipika mwenyewe: samaki, mboga za osuga, ugali mgumu uliotaka msumeno. Akamwalika Jacklyne kutoka Pipeline, na binti alipouliza kuna nini akajibiwa, "Leo ni sikukuu yetu." Jacklyne alianza kula. Alitazama ramani ya Pasifiki iliyobandikwa mahali palipokuwa na kalenda ya kanisa ya mama yake. Alitazama madaftari, ambayo sasa yalikuwa matatu. Kisha akaweka kijiko chini.

"Baba, hama uje tukae pamoja Pipeline. Chumba kiko."

"Ghorofa ya saba. Magoti yangu hayajui lifti iliyokufa."

"Basi acha hii kitu. Tafadhali. Kila asubuhi unalia na watu usiowajua. Mama hujamlilia hata siku moja. Hata jina lake husemi."

Phares akaanza kukusanya sahani. Alisema samaki walikuwa wengi, afunge wengine aende nao. Jacklyne aliwafunga, akamkumbatia mlangoni kwa nguvu, akaondoka na macho mekundu. Kwamba maneno yale yalikuwa ya kweli Phares alijua. Alijua pia kwamba nchi ile ndiyo kitu cha mwisho cha Elsie kilichobaki mle ndani, na kwamba siku itakapokwisha hatakuwa na sababu ya kuketi mezani saa nne asubuhi.

Septemba bunge la kule likamwondoa waziri mkuu. Oktoba, kabla Phares hajazoea jina la mpya, likamwondoa na yeye. "Hawa ni watu wa upepo hata bungeni," alisema Abukar. Na kweli, mwisho wa Oktoba, nje ya msimu wake, kimbunga cha tatu kikavipiga visiwa vya kaskazini. Phares aliandika hasara ilivyotajwa: shule, zahanati, mashamba. Aliandika haraka, kama mtu aliyezoea.

Halafu Novemba mvua ilikuja Nairobi. Wiki nzima ilinyesha, na asubuhi moja mtaro wa nyuma ya nyumba ukakataa. Maji meusi yaliingia jikoni, yakapita sebuleni, yakapanda kitandani. Phares aliokoa madaftari kwanza, akayaweka juu ya kabati, kisha akasimama kwenye maji hadi chini kidogo ya magoti akiangalia godoro likinywa. Lilikuwa na bonde upande wa kushoto, upande wa Elsie. Alikuwa hajawahi kulala upande ule tangu Januari. Abukar alikuja na fagio la mpira na majirani wawili, wakasukuma maji hadi adhuhuri, na godoro wakalitoa nje wakaliegemeza ukutani, mvua ikinyesha juu yake bila haya.

"Mzee wangu," Abukar aliuliza akihema, "na Kenya iko kwa mama gani, ya kuombewa?"

"Kenya haimo kiondoni."

"Basi ndiyo maana."

Walicheka wote wanne. Lakini zamu ilikuwa imepita, na Phares alipoketi kuandika kwa kuchelewa, alirudi nyuma hadi kurasa za Machi. Hasara: nyumba, umeme, migomba, visima. Hakuwa ameandika magodoro. Watu maelfu kwa maelfu, kila mmoja na bonde lake kitandani, na yeye alikuwa ameandika migomba. Alichukua kalamu, akaongeza neno lile kwenye kila ripoti ya kimbunga, moja baada ya nyingine, na akawaomba radhi kwa sauti ya chini.

Alhamisi ya kwanza ya Desemba ukumbi ulijaa. Jacklyne aliomba ruhusa kazini akaja, akaketi nyuma. Akina mama walisimama mmoja mmoja: Brazili ikaombewa, Uswisi ikaombewa haraka. Zamu ya Phares ilipofika, alisimama akiwa amevaa suti ya mazishi, kwa kuwa ndiyo aliyonayo, na kwa dakika kumi alieleza mwaka wa Vanuatu vizuri hata wengine wakasahau kujipepea. Vimbunga vitatu. Matetemeko. Wimbi la magoti. Hoja iliyokubaliwa na mataifa yote. Mawaziri wakuu watatu. Magodoro, idadi haijulikani. Akafunga daftari.

"Sasa omba, Baba Jackie," alisema Mama Mbugua kwa upole, na akanyoosha mkono. Phares alimpa daftari. Hilo ndilo lilikuwa sharti: kwa mdomo wake, si kwa kusoma.

Akafumba macho. Mtu alikohoa. Nje gari la takataka lilipita, likatokomea, na bado Phares hakuwa amesema neno. Mikono yake ilishika kiti cha mbele. Mama mmoja alianza kuimba polepole kumsaidia, na Mama Mbugua akamnyamazisha kwa jicho. Jacklyne alikuwa ameinuka nusu, tayari kumfuata baba yake amtoe nje, Phares alipofungua mdomo.

"Tarehe kumi na nane Januari," alisema. "Saa kumi na mbili na dakika arobaini, asubuhi. Mahali, Kariobangi South, jikoni." Sauti ilikuwa ile ya simu, kavu, ya makao makuu. "Tukio. Elsie ameanguka. Alikuwa anachemsha chai. Nilimwita mara tatu. Ripoti hii imechelewa miezi kumi na moja, na kosa ni la karani."

Jacklyne alianza kusogea mbele, kiti kwa kiti.

"Hasara," alisema, na hapo sauti ikakatika. Akaanza tena. "Hasara ni yeye. Ni yeye kamili."

Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta, yakilowesha ukosi wa ile suti.

"Hatua inayoombwa. Kumrudisha haiwezekani, najua, siombi hivyo. Naomba aambiwe. Aambiwe nchi yake imefika Desemba. Watu wake wapo, wanajenga. Aambiwe Jackie hajambo. Na mimi ninakula, Mama Jackie. Ninakula vizuri."

Akakaa chini kwa ghafla, na Jacklyne alikuwa tayari amemfikia, amemshika kichwa kifuani mwake, wote wawili wakilia bila kujificha. Ukumbini kwikwi zilisikika huku na huku. Kate wa kwaya, ambaye ana moyo safi lakini hupenda mambo yaende kwa kanuni, aliinama sikioni mwa mwenyekiti.

"Lakini Mama Mbugua, Vanuatu yenyewe hajaiombea."

Mama Mbugua alikuwa ameshika lile daftari kwa mikono yote miwili, na leso yake ilikuwa imelowa tayari.

"Ameomba," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Katibu, andika hivyo. Andika kwamba ameomba."